SOMO LETU: DARASA LA VIDEO NYUMBANI

Mnakumbuka Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Wenye simu nzuri na mtandao waliendelea kusoma. Watoto wengi wa vijijini walichunga mbuzi mpaka Januari 2021, shule zilipofunguliwa zote. Korona ilipita, lakini masomo ya mbali yamebaki. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023, hufundisha kwa njia ya mtandao. Kijana anaweza kusoma bila kupanga chumba mjini. Lakini simu ikizima katikati ya mtihani, karo iliyotoka kwa kuuza ng'ombe inaweza kupotea bure. Kikundi kisaidie vipi?

1. Tafuteni mtandao kwanza. Paa la mabati na kuta za mawe hupunguza nguvu zake. Zungukeni boma na simu, mjaribu dirishani, barazani na chini ya mwembe, asubuhi na jioni. Jaribuni laini za kampuni mbalimbali kabla ya kununua chochote.

2. Chaji. Video humaliza betri upesi. Simu ijae kabla ya kipindi. Kama hakuna stima, sola ndogo yenye betri yake inatosha simu na taa.

3. Kiti na mwanga. Egemezeni simu kwenye mkebe uliojaa mchanga, usawa wa macho. Mwanga utoke mbele ya mwanafunzi, si mgongoni, la sivyo mwalimu ataona kivuli tu. Kipaza sauti kizimwe asipozungumza, maana jogoo hana adabu ya darasa.

4. Bando. Hapa ndipo wengi hushindwa. Saa moja ya video huweza kula megabaiti 500 hadi 1,000, hata zaidi picha ikiwa safi sana. Sauti peke yake kwa kawaida haifiki 100. Tuseme kuna vipindi 12 kwa mwezi: video ni kama gigabaiti 12, sauti haizidi 1.2. Basi mwanafunzi azime picha mtandao ukilegea, na amwombe mwalimu maandishi mapema. Watatu wa darasa moja wakikaa mbele ya simu moja, bando ni la mmoja.

5. Usalama. Mtoto asome mahali ambapo mtu mzima anamwona. Namba ya siri asimpe mtu yeyote.

Msinunue kompyuta kwa haraka. Anzeni na simu iliyopo, mjaribu mwezi mmoja, halafu mweka hazina alete hesabu.

Maswali ya kujadiliana
- Ni nyumba gani kijijini yenye mtandao mzuri? Mwenyewe atakubali kuwapokea wanafunzi?
- Tukichanga kila wiki, nani atanunua bando, na nani atakagua?
- Msichana mwenye kazi nyingi za nyumbani atapataje saa yake ya kusoma?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Jaribuni, kisha mtuandikie mlivyofanya.