Mmumunyo si Suluhisho: Istilahi za Mwanga na Metali katika Kiswahili

Kutoka Bewa Kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi, kando ya University Way, hadi Bewa la Chiromo karibu na Westlands ni mwendo mfupi wa miguu. Kemia na fizikia hufundishwa Chiromo, lakini mwanafunzi wa istilahi ni nadra kuifuata njia hiyo. Makala hii inakusudia kuonyesha hasara ya utengano huo kwa mada moja tu: namna kampaundi changamano za metali, zikiwa ndani ya mmumunyo, zinavyouitikia mwanga wa leza. Hoja yetu ni kwamba dhana isimuliwe kwanza kwa Kiswahili, ndipo istilahi iundwe.

Tuanze na dhana yenyewe. Kwa kawaida mwanga hufuata uwiano. Ukiupitisha katika gilasi ya chai ya rangi na nusu yake ikapenya, ukiuongeza mara mbili, utakaopenya nao utakuwa mara mbili. Leza, iliyofanya kazi kwa mara ya kwanza mwaka 1960 mikononi mwa Theodore Maiman nchini Marekani, ilitoa mwanga mkali kiasi cha kuuvunja uwiano huo. Mwaka 1961 Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walielekeza leza nyekundu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 694.3, kwenye fuwele ya kwatzi. Pamoja na mwanga huo mwekundu ukatoka mwanga mwingine hafifu mno, wenye nusu ya urefu huo wa wimbi. Husimuliwa kwamba picha ya jaribio hilo ilipofika kwa wachapishaji, kidoa kilichokuwa ndicho ushahidi kilidhaniwa kuwa uchafu kikafutwa, mshale ukabaki ukielekeza mahali patupu. Wahariri wa majarida, hata haya yetu ya lugha, wana la kujifunza hapo.

Sasa metali. Kampaundi changamano huwa na ioni ya metali katikati, iliyozungukwa na molekuli au ioni zinazoipa jozi za elektroni. Hizo huitwa ligandi. Tunazo mwilini: chuma cha hemoglobini kimekaa hivyo, kama ilivyo magnesi katika klorofili ya jani. Jamaa zao wa karibu ni fthalosianini. Ile ya shaba ndiyo buluu inayotiwa katika wino na rangi za kupaka nyumba. Baadhi ya fthalosianini, hasa zenye metali nzito kama risasi na indi, zikimumunyishwa katika kiowevu kifaacho huonyesha tabia ya ajabu: mwanga hafifu hupita bila shida, ilhali mwanga wa leza hufyonzwa zaidi kadiri ukali wake unavyoongezeka. Sababu ni kuwa molekuli ikishafyonza mwanga hupanda katika hali ya juu ya nishati, na huko hufyonza kwa nguvu zaidi kuliko ilipokuwa imetulia. Metali nzito huisaidia kuingia upesi katika hali ya juu inayodumu kitambo. Ndiyo maana wanasayansi huzichunguza kampaundi hizi kwa nia ya kuyalinda macho dhidi ya leza.

Mmumunyo nao una athari yake. Ndani yake molekuli huelekea kila upande, hivyo ule mwanga wa nusu ya urefu wa wimbi, uliotokea katika fuwele, karibu wote hujifuta wenyewe. Ni kama makanga wa kituo kimoja, kila mmoja akiita njia yake: kelele ni nyingi, wito mmoja hausikiki.

Msomaji aliyefuatilia hadi hapa anaweza kuzihukumu istilahi. Neno la Kiingereza “solution” likikutana na mfasiri mwenye haraka huwa “suluhisho”, na mtungi wa maabara ukageuka kuwa kikao cha usuluhishi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilichapishwa mwaka 1990; hakuna udhuru wa kutoitazama kwanza. “Mmumunyo” lina mizizi inayojulikana na kila mtoto aliyewahi kumumunya peremende. “Changamano” nalo tunalijua katika sentensi changamano, yenye kishazi kikuu na tegemezi zake, na ulinganifu wake na metali na ligandi zake unapendeza.

Tatizo kubwa liko katika “nonlinear”. Kusema “isiyo ya mstari” ni kumfanya msomaji adhani mwanga umepinda njiani, na sivyo. Mstari unaotajwa ni ule wa grafu, si wa mwali. Kwa hiyo tunapendekeza “mwitiko usiowiana”. Faida yake ni ya kisarufi pia, kwani hutupa kitenzi: mwitiko huwiana, hauwiani, umeacha kuwiana. Kuandika tu “nonlinia” kwa tahajia yetu hakumpi msomaji chochote.

Hatusemi kwamba kila neno la mkopo lifukuzwe. “Ligandi” lina asili ya Kilatini yenye maana ya kufunga, na “kishikizo” lingelifaa sana. Lakini kishikizo kimekwisha kuchukuliwa na fundi cherehani, na hatuoni haja ya kumnyang’anya.