Jino la Muda Wakati Fizi Inapona

Umeng'olewa jino la mbele, au utang'olewa wiki ijayo, na Jumamosi kuna harusi Abbey Wood, hapa London. Huna haja ya kukaa pembeni umeziba mdomo kwa kiganja. Kuna kifuniko chembamba cha plastiki angavu kinachovaliwa juu ya meno yako mwenyewe, kikiwa na jino la bandia mahali penye pengo. Kliniki za hapa zinakijua kama ritena yenye jino. Ni cha muda tu, wiki kadhaa au miezi michache, mpaka fizi ipone na kunywea ndipo uwekewe meno ya bandia, daraja au jino la kupandikiza.

Kinatengenezwaje? Daktari anakutia mdomoni sinia ndogo yenye uji mzito unaoganda kwa dakika chache, kisha anautoa ukiwa na alama ya meno yako. Siku hizi kliniki nyingine hutumia kamera ndogo, nafuu kwa wale wanaotapika kirahisi. Alama ikimiminiwa plasta, fundi wa meno anapata nakala ya kinywa chako mezani kwake. Anakata kwenye plasta jino litakalong'olewa na kuweka la bandia lenye rangi inayolingana na majirani zake. Halafu anachukua bamba la plastiki lenye unene wa kama milimita moja na kulibana chini ya kipasha joto. Mwanzoni limenyooka kama kioo. Baada ya muda mfupi linalegea katikati na kuning'inia kama shuka lililolowa kwenye kamba. Hapo linashushwa juu ya plasta, pampu inafyonza hewa kutoka chini, na bamba linajibana kila jino, kila kona. Likipoa, kingo hukatwa na kulainishwa. Mbinu hii ya ritena ilienea baada ya daktari John Sheridan wa Marekani kuieleza mwaka 1993.

Mwombe daktari achukue alama kabla ya kung'oa. Hivyo kifuniko kitakuwa tayari siku ileile jino linapotoka. Ukisubiri hadi baada ya hapo, huenda ukakaa na pengo siku kadhaa kazi ikiwa kwa fundi.

Uende wapi? Mtaa wetu wa Thamesmead umegawanyika, upande mmoja uko manispaa ya Greenwich na mwingine Bexley, na watu wengi hudhani lazima wabaki upande wao. Kwa daktari wa kawaida anwani ina maana. Kwa daktari wa meno haina. Waweza kwenda kliniki yoyote ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, inayopokea wagonjwa wapya, iwe Woolwich, Erith au mbali zaidi. Tafuta kwenye tovuti ya NHS, kisha piga simu, maana orodha ya mtandaoni mara nyingi imepitwa na wakati. Ukiwa na maumivu makali na hupati kliniki, piga simu ya NHS namba 111. Kiingereza kikikusumbua, omba mkalimani wa Kiswahili unapoweka miadi, hulipi chochote. Usimpe mtoto wako wa miaka kumi kazi hiyo.

Gharama ndiyo inayowatia watu hofu, kwa hiyo nitaieleza taratibu. Malipo ya NHS hapa England yana ngazi tatu, ambazo kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025 zilikuwa: pauni 27.40 kwa uchunguzi, pauni 75.30 kwa kuziba au kung'oa jino, na pauni 326.70 kwa vitu vinavyotengenezwa na fundi, yakiwemo meno ya bandia. Hazijumlishwi. Ukichunguzwa, ukang'olewa na kutengenezewa jino katika tiba ileile moja, unalipa ngazi ya juu tu. Viwango hupanda karibu kila Aprili, basi uliza. Uliza pia, kabla ya kuketi kitini, kama kifuniko hiki wanakutolea kwa NHS au wanakutoza bei binafsi, na waambie waandike.

Hulipi kama una umri chini ya miaka 18, una mimba, au umejifungua ndani ya miezi 12. Wenye kipato kidogo wanaweza kujaza fomu ya HC1. Wakikubaliwa msaada kamili hupewa cheti cha HC2. Usitie tu alama ya msamaha kwa kubahatisha: ukikutwa huna haki hiyo utadaiwa gharama yenyewe na faini ya hadi pauni 100.

Siku za kwanza ulimi utashangaa. Jifungie chumbani useme kwa sauti "shilingi sitini na sita" mara ishirini. Baada ya siku mbili tatu "s" inarudi. Kuhusu kulala nacho, fuata maagizo ya daktari wako. Chakula kigumu hapana: mahindi ya kuchoma na mfupa wa nyama vitakipasua. Soda na chai ya sukari usinywe ukiwa umekivaa, kwani utamu hunaswa kati ya plastiki na jino, nalo litaoza. Mchuzi wenye manjano hukigeuza rangi.

Joto ndilo adui mkubwa, maana kilichoumbwa kwa joto hupindishwa kwa joto. Cha kwangu cha kwanza nilikimwagia maji ya birika nikidhani naua vijidudu. Kilijikunja, hakikuingia tena mdomoni. Osha kwa maji baridi, sabuni ya maji na mswaki laini. Dawa ya meno ina chembe zinazokikwaruza. Usikiweke juu ya rejeta. Na mezani usikifunge kwenye tishu: hapo ndipo vingi hupotea, vikizolewa pamoja na mifupa ya pilau. Weka kisanduku mfukoni. Ukikipoteza, NHS yaweza kukutoza asilimia 30 ya ngazi ya tatu kwa kingine.

Mtandaoni huuzwa chembechembe za plastiki za kulainisha kwa maji ya moto ujifinyangie jino nyumbani. Ziache. Zikigandia kati ya meno hazitoki, na kipande kikilegea usingizini kinaweza kuingia njia ya hewa. Wala usikubali "fundi" anayekuja nyumbani. Mafundi wa meno na madaktari wote lazima wawe kwenye rejista ya General Dental Council, baraza linalosimamia taaluma ya meno, na rejista hiyo iko wazi mtandaoni. Jina unaliangalia kwa dakika moja. Una haki pia ya kuomba tamko la utengenezaji, karatasi inayoonyesha kifuniko chako kimetengenezwa na nani.

Kikikukwaruza fizi, usikikate kwa kisu wala kukigundisha kwa gundi; rudi kliniki. Rudi pia kikianza kulegea, ishara kwamba fizi imenywea, na ukiwa hapo omba miadi ya jino la kudumu.