Mafuta ya karafuu: pamba ya bibi na jino lililotoboka

Daktari wetu wa meno anawajibu wasomaji.

Daktari, jino likinivuta usiku, bibi hunipa pamba yenye mafuta ya karafuu. Yanatibu kweli?

Yanatuliza, hayatibu. Yana yujenoli, kemikali inayotia ganzi na kuua baadhi ya vijidudu. Hata sisi tunaitumia: ile harufu inayokupokea kwenye kliniki ya meno ndiyo hiyo, kwani huchanganywa na oksidi ya zinki ikawa kizibo cha muda. Ila tundu linabaki tundu. Wengi maumivu yakipoa husahau, hata siku shavu livimbe ndipo waje mbio. Pamba ya bibi ikufikishe asubuhi tu, kisha njoo.

Nasikia ya Pemba hutolewa kwenye makonyo. Si ya kughushi hayo?

Hasha! Karafuu mbichi zikishachambuliwa, vinavyobaki ni makonyo, na hayo ndiyo hupelekwa kiwandani Wawi, Chake Chake. Mvuke hupitishwa humo, hutoka na mafuta, ukipoozwa mafuta hujitenga na maji. Karafuu kavu hutoa mafuta mengi zaidi, hadi asilimia 15 au 20 ya uzito wake, lakini nani ayeyushe mali ya kuuza? Ya makonyo hunukia kwa ukali zaidi. Kwa jino, kazi ni ile ile.

Mwanangu anaota meno. Nimpake ufizini?

Usimpake, mama. Yakimezwa huharibu ini. Mtoto wa miaka 2 aliwahi kuzimia kwa kunywa mililita 5 hadi 10 tu. Chupa ikae juu, mbali na mikono yake. Mpe kitambaa safi kilicholowa maji baridi atafune.

Na mbu?

Hukimbia kwa muda. Usiyapake matupu, yanaunguza ngozi; matone machache ndani ya mafuta ya nazi yatosha. Chandarua usikitoe.

Wazee husema mkarafuu una miiko. Ipi?

Ninayoipenda inatoka Maluku, Indonesia, kwenye asili ya mti huu. Huko mkarafuu uliochanua ulitunzwa kama mja mzito: kelele marufuku, usiku hakuna kupita na moto, na kofia huvuliwa, usije ukashtuka ukakosa kuzaa. Nikikumbuka soga za wachumaji wa Pemba matawini, nacheka peke yangu.