Ukaguzi Ndani ya Seli
Mkulima wa kahawa wa Kalinzi, mkoani Kigoma, huchambua matunda kabla ya kuyamenya, akayatupa yaliyooza. Seli ya mwili nayo hukaguliwa kabla ya kugawanyika. DNA yake ikiwa na kasoro, protini iitwayo p53 husimamisha mgawanyiko mpaka irekebishwe. Isiporekebishika, seli hujiua, na si hasara. Mkaguzi huyo akiondolewa, kasoro hulimbikizana kwa miaka mingi, hata seli zikazaliana bila kikomo: hiyo ndiyo saratani. Virusi vya papiloma vya aina ya 16 na 18, vikidumu katika shingo ya kizazi, huleta hatari hiyo, kwani protini yao E6 huiangamiza p53. Chanjo haiviondoi virusi vilivyokwisha kuingia; ndiyo sababu Tanzania, ilipoanza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, iliwalenga wasichana wa miaka 14.