Paa Linavuja, Wewe Unasogeza Kitanda

Mdogo wangu wa Buigiri, nakujua. Mvua ya kwanza ya Desemba ikipiga usiku unaamka, unasukuma kitanda pembeni, unatega beseni. Asubuhi jua likitoka umeshasahau. Sikulaumu sana. Huku Dodoma mvua ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na miezi mingine yote paa halikudai kitu. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa nyumba ya tofali mbichi hilo si fumbo: maji yakishuka ukutani, tofali linarudi kuwa tope.

Bibi zetu waliokaa kwenye tembe walijua udongo wa juu hupasuka kiangazi, wakaukandika upya kabla ya mvua. Sisi tukishaezeka bati tunadhani tumemaliza. Hatujamaliza, mpenzi. Bati linatanuka kwa jua, linasinyaa kwa baridi ya usiku, msumari unalegea kidogo kidogo na mpira wake unakauka. Tena ukute fundi alikuwa na haraka, akapigilia kwenye bonde la bati badala ya mgongoni. Bondeni ndiko maji yanakopita! Msimamie.

Basi Novemba isiishe hivi hivi. Kama nyumba haina dari, mchana wa jua kali funga milango na madirisha, usimame ndani uangalie juu. Tundu litang'aa kama nyota. Liwekee alama ya chaki kwenye papi. Usihangaike na pale tone linapodondokea, maana maji hutambaa kwenye mbao na kuangukia mbali. Tafuta upande wa juu, hasa kwenye kofia na maungio ya mabati.

Halafu, nakuomba, usipake silikoni juu ya vumbi. Haishiki, na mvua ya pili utaniambia dawa ni feki. Sugua, futa, pakauke kwanza. Na msumari uliolegea usiugongelee tundu lile lile. Weka mnene zaidi, wenye mpira mzima.

Najua unaona aibu kumwita fundi kwa msumari mmoja, au kumsumbua mwenye nyumba. Mwite, msumbue, sasa hivi kukiwa kukavu. Mvua ikianza mafundi wote watakuwa juu ya mapaa ya wenzio, na wewe utasubiri zamu yako na watoto wamelowa.