Mwangwi Utokao Ndani ya Barafu

Sehemu kubwa ya maji yasiyo na chumvi yaliyomo duniani haimo mitoni wala maziwani. Maji hayo yameganda yakawa barafu katika bara la Antaktika na kisiwa cha Greenland. Funiko la barafu la Antaktika lina eneo la kilomita za mraba zipatazo milioni 14, yaani karibu mara kumi na tano ya eneo la Tanzania, na unene wake wa wastani unakaribia kilomita 2. Kama funiko hilo lingeyeyuka lote, uso wa bahari ungepanda kwa mita 58 hivi. Barafu ya Greenland peke yake ingeongeza mita 7. Hakuna mtaalamu anayetazamia kuwa jambo hilo litatokea upesi. Hata hivyo, sehemu ndogo tu ya barafu hiyo yatosha kuleta madhara kwa watu wa pwani zote za dunia, tangu Mombasa hadi Mtwara na kwingineko. Kwa sababu hiyo ni lazima ijulikane barafu ina unene gani, imelala juu ya nini, na inajongea namna gani kuelekea baharini.

Zamani maswali haya yalijibiwa kwa shida. Kutoboa barafu mpaka chini huchukua miaka, nako huonyesha hali ya mahali pamoja tu. Njia ya pili ilikuwa kulipua baruti na kupima muda wa mtetemo kushuka mpaka kwenye mwamba na kurudi. Njia hiyo ni nzuri, lakini watu walilazimika kusimama, kutega vyombo na kulipua, kisha kusafiri tena hadi kituo kingine. Rada ndiyo iliyowezesha barafu kupimwa bila kukoma, huku ndege ikiruka juu yake.

KOSA LILILOZAA MAARIFA

Rada ni chombo kitumacho mapigo mafupi ya mawimbi ya redio, kisha kikasikiliza mwangwi wake. Ndege nyingi huwa na chombo cha namna hiyo cha kupimia kimo chake juu ya ardhi. Katika miaka ya 1940 na 1950 ilidhihirika kwamba juu ya barafu za ncha za dunia vipimo hivyo havikuaminika. Mawimbi hayakurudi kutoka kwenye uso wa barafu peke yake. Mengine yalipenya ndani na kurudi kutoka chini. Rubani aliyetegemea kipimo hicho aliweza kudhani kuwa yuko juu zaidi kuliko alivyokuwa kweli.

Jambo lililokuwa hatari kwa rubani likawa faida kwa mwanasayansi. Amory Waite, mhandisi wa redio wa jeshi la Marekani, alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba mawimbi ya redio yanaweza kupima unene wa barafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Stanley Evans, wa taasisi ya utafiti wa ncha za dunia iliyoko Cambridge, Uingereza, aliunda rada iliyokusudiwa kazi hiyo hasa. Kati ya mwaka 1967 na 1979 wataalamu wa Uingereza, Marekani na Denmark walishirikiana kupima Antaktika kwa ndege, na jumla ya safari zao ilifikia kilomita zipatazo 400,000.

KWA NINI MAWIMBI HUPENYA?

Mawimbi ya redio hudhoofika upesi yanapoingia katika kitu kinachopitisha umeme vizuri. Maji ya bahari, yenye chumvi nyingi, huyameza mara moja. Barafu baridi, kwa upande mwingine, hupitisha umeme kwa shida sana. Kwa hiyo mawimbi huweza kushuka kilomita kadhaa na kurudi. Kadiri barafu inavyokaribia kuyeyuka, ndivyo inavyozidi kuyameza, na vijishimo vya maji vilivyomo ndani yake huyatawanya.

Katika hewa mawimbi haya huenda kwa kasi ya mita 300 hivi kwa kila mikrosekunde, yaani kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Katika barafu kasi hiyo hupungua ikawa mita 168 hivi. Madhali mawimbi hushuka na kupanda, kina hupatikana kwa kuzidisha kasi kwa muda, kisha kugawanya kwa mbili.

Tuseme ndege inaruka na mwangwi wa kwanza, utokao kwenye uso wa barafu, unafika baada ya mikrosekunde 4. Kimo cha ndege juu ya barafu ni:

300 × 4 ÷ 2 = mita 600.

Mwangwi wa pili, utokao kwenye mwamba, unafika mikrosekunde 40 baada ya pigo kutumwa. Muda uliotumika ndani ya barafu ni 40 − 4 = mikrosekunde 36. Basi unene wa barafu ni:

168 × 36 ÷ 2 = mita 3,024.

Mwanafunzi atakayesahau kubadili kasi na kutumia 300 atapata mita 5,400, ambayo inazidi unene wowote uliowahi kupimwa duniani.

MATABAKA YA NDANI

Wapimaji wa kwanza walitazamia miangwi miwili: wa uso na wa mwamba. Walichoona katika filamu zao kilikuwa zaidi ya hicho. Kati ya mistari hiyo miwili palikuwa na mistari mingine mingi, mmoja chini ya mwingine, iliyoendelea kwa mamia ya kilomita.

Theluji huanguka mwaka baada ya mwaka, nayo ya zamani hugandamizwa na ile mpya mpaka ikawa barafu. Kila theluji huanguka na vitu vilivyomo hewani wakati huo. Volkano kubwa ilipukapo, hutupa gesi zinazogeuka asidi, na asidi hiyo huanguka pamoja na theluji. Tabaka lenye asidi hupitisha umeme zaidi kidogo kuliko majirani zake, na tofauti hiyo ndogo yatosha kurudisha mwangwi hafifu. Karibu na uso, mwangwi hutokana pia na tofauti za densiti. Na kilindini kabisa, hutokana na mabadiliko ya jinsi fuwele za barafu zilivyolala.

Jambo la maana ni hili: theluji yote ya tabaka moja ilianguka wakati mmoja. Kwa hiyo mstari wa rada ni mstari wa umri. Barafu ikitobolewa mahali pamoja na umri wa tabaka ukajulikana, mtaalamu hulifuata tabaka lile katika picha za rada hadi mbali sana, naye akajua umri wake huko pasipotobolewa. Rada ilisaidia kwa njia hiyo kuchagua mahali pa kutafuta barafu ya kale sana karibu na Dome C, Antaktika. Mwezi wa Januari 2025 watafiti wa nchi za Ulaya walifika mwisho wa shimo lenye kina cha mita 2,800, na kutoa barafu yenye umri wa miaka isiyopungua milioni 1.2.

Matabaka husimulia pia mwendo wa barafu. Katika pwani ya Siple, Antaktika ya Magharibi, upo mto wa barafu uitwao Kamb ambao leo karibu umesimama. Rada ilionyesha nyufa zilizozikwa chini ya theluji kandokando yake, na nyufa za namna hiyo hufanyika barafu inapokimbia. Kutokana na unene wa theluji iliyolala juu ya nyufa, ilikadiriwa kwamba mto huo ulisimama katikati ya karne ya 19. Barafu, basi, inaweza kubadili mwendo wake katika muda wa maisha ya binadamu.

CHINI YA BARAFU

Mahali pengine mwangwi wa chini uliokuwa na nguvu ulitandaza mstari ulionyooka kama uso wa meza. Hayo yalikuwa maji. Joto la dunia kutoka chini, likizuiwa na blanketi nene la barafu, huyeyusha barafu ya chini kabisa. Ziwa Vostok, lenye urefu wa kilomita 250 hivi, limelala chini ya barafu yenye unene wa karibu kilomita 4. Maziwa ya namna hiyo yanayojulikana katika Antaktika yamezidi 400.

Lenye uzito zaidi ni umbo la ardhi ya Antaktika ya Magharibi. Rada imeonyesha kwamba sehemu kubwa ya barafu ya huko imekaa juu ya ardhi iliyo chini ya usawa wa bahari, na kwamba chini ya barafuto la Thwaites ardhi huzidi kushuka kadiri mtu aendavyo bara. Ukingo wa barafu ukirudi nyuma, hukutana na barafu nene zaidi, na maji ya bahari yenye joto huweza kuufuata. Mwaka 2019 filamu za zamani za miaka ya 1967 hadi 1979, zilizokuwa zimetunzwa kwa miongo minne, zilichapishwa upya kwa njia ya kompyuta. Zilipolinganishwa na vipimo vya mwaka 2009, ilionekana kwamba sehemu ya mashariki ya barafu ielea ya Thwaites ilikuwa imepungua unene kwa asilimia 10 hadi 33 tangu mwaka 1978. Waliotunza filamu hizo hawakujua swali litakalokuja kuulizwa. Jibu lilikuwamo tayari.

KILIMANJARO

Mwaka 2015 rada ndogo ilitumika juu ya barafu ya Kaskazini ya kilele cha Kibo. Unene uliopimwa ulikuwa kati ya mita 6 na 54 hivi. Ndani yake yalionekana matabaka yasiyovurugika, yaliyoweza kulinganishwa na yale yanayoonekana kwa macho katika kuta zilizosimama wima kandoni mwa barafu hiyo. Kwa kuwa barafu ya Kibo inazidi kupungua, picha hizo ni kumbukumbu ambayo haitaweza kupigwa tena ikiwa barafu yenyewe itatoweka.

MASWALI

1. Ndege ilipata mwangwi wa uso baada ya mikrosekunde 3, na mwangwi wa mwamba baada ya mikrosekunde 28. Tafuta kimo cha ndege na unene wa barafu.

2. Mwangwi kutoka chini ya barafu ya Kibo yenye unene wa mita 54 huchukua muda gani kufika kwenye rada iliyowekwa juu ya uso wake?

3. Eleza kwa nini mistari miwili ya matabaka haiwezi kukatana, ingawa inaweza kukaribiana.

Majibu: (1) mita 450, mita 2,100. (2) mikrosekunde 0.64 hivi.