Prosesa Iliyoongezwa Kasi: Je, Imekuwa Modeli Nyingine?

Malengo ya somo. Baada ya kusoma somo hili, mtahiniwa aweze:
(a) kukokotoa kasi ya saa ya prosesa;
(b) kutofautisha kasi ya prosesa na modeli yake;
(c) kujenga hoja yenye ushahidi na kutoa msimamo.

1. Hali ya kufikiria

Tuseme shule moja ya kata jijini Mwanza imechangisha fedha ili inunue kompyuta iliyotumika. Mwalimu anaingia dukani, anatajiwa bei, anashtuka.

"Mwalimu, hii usiione hivi," anasema muuzaji. "Fundi wetu ameipandisha kasi. Sasa ni sawasawa na modeli ya juu yake."

"Kaka, kasi sikatai," anajibu mwalimu. "Lakini nikilipa bei ya modeli ya juu, nitaondoka na modeli ya juu?"

Swali la mwalimu ndilo somo letu. Fedha za wazazi zinategemea jibu lake.

2. Kasi ya saa hupatikanaje?

Prosesa hufanya kazi kwa kufuata mapigo ya saa ya kielektroniki. Idadi ya mapigo kwa sekunde ndiyo kasi ya saa, na hupimwa kwa megahezi au gigahezi. Kanuni yake ni hii:

Kasi ya prosesa = saa ya msingi × kizidishi

Mfano. Mwaka 1998 kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya Celeron 300A. Saa yake ya msingi ilikuwa megahezi 66.6 na kizidishi chake 4.5, hivyo kasi yake ilikuwa karibu megahezi 300. Watumiaji wengi waligundua kwamba saa ya msingi ikipandishwa hadi megahezi 100, prosesa ileile hufikia 100 × 4.5 = megahezi 450. Hiyo ndiyo kasi ya Pentium II 450, iliyotoka mwaka huohuo na kuuzwa kwa bei kubwa zaidi.

Je, Celeron ile iligeuka Pentium II? La. Celeron 300A ilikuwa na kache ya kilobaiti 128 iliyokwenda kwa kasi kamili ya prosesa. Pentium II ilikuwa na kache ya kilobaiti 512 iliyokwenda kwa nusu ya kasi. Katika kazi nyingi zilikaribiana sana, na katika kazi zilizohitaji kache kubwa Pentium II ilitangulia. Mapigo yalilingana, lakini maumbile ya ndani hayakulingana.

3. Gharama ya kuongeza kasi

Umeme unaotumiwa na prosesa huongezeka kulingana na kasi na kipeo cha pili cha volti. Tuseme kasi imepanda mara 1.5 na volti zimepanda kutoka 2.0 hadi 2.2, yaani mara 1.1:

1.5 × 1.1 × 1.1 = 1.815

Kasi imeongezeka kwa asilimia 50, lakini umeme umeongezeka kwa asilimia 81.5, na karibu wote hugeuka joto. Feni iliyojaa vumbi ikishindwa kuliondoa joto hilo, kompyuta huweza kuganda au kujizima. Hatari zaidi ni prosesa kukosea hesabu bila kutoa onyo lolote. Fikiria kompyuta hiyo ndiyo inayojumlisha alama za wanafunzi.

4. Hoja za pande mbili

Wanaosema ni modeli ya juu hujitetea hivi: mara nyingi modeli mbili hutokana na muundo mmoja. Kiwandani kila prosesa hupimwa, kisha hupangwa katika daraja lake. Huenda ya daraja la chini ingeweza kumudu kasi ya juu. Kama muundo ni mmoja na kasi ni moja, tofauti iko wapi?

Wanaopinga husema kwamba modeli ni zaidi ya kasi. Ni jina linalobeba ahadi ya mtengenezaji kuhusu kasi, volti, joto na dhamana. Fundi anaweza kubadili kasi, lakini hawezi kutoa ahadi hiyo kwa niaba ya kiwanda.

Ushahidi mzuri unatoka kampuni ya AMD. Mwaka 2012 ilitoa FX-8350 yenye kasi ya gigahezi 4.0 na kiwango cha joto cha wati 125. Mwaka 2013, kwa muundo uleule, ilitoa FX-9590 yenye gigahezi 4.7 na wati 220. Hapa kuongeza kasi kulizaa modeli mpya kweli, kwa sababu mtengenezaji mwenyewe alizichagua prosesa zinazofaa, akazipa jina na kutangaza joto lake.

5. Mfano wa nyumbani

Meli ya MV Victoria ilianza kazi ziwani mwaka 1961. Ilikarabatiwa, ikafungwa injini mpya, ikajaribiwa majini, na mwaka 2020 ikarejea kwa jina New Victoria Hapa Kazi Tu. Injini ilibadilishwa na jina likabadilishwa hadharani. Fundi aliyeongeza kasi ya prosesa hakubadilisha injini. Ameisukuma ileile ikimbie zaidi.

6. Msimamo

Prosesa iliyoongezwa kasi ni ya haraka zaidi, lakini modeli yake haijabadilika. Si kosa kuiongeza kasi, wala si kosa kuiuza ikiwa mnunuzi ameelezwa ukweli. Kosa ni kuiuza kwa jina la modeli nyingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa. Mwalimu wetu alipie modeli iliyopo, kisha aamue mwenyewe kama kasi ya ziada inafaa hatari yake.

Kumbuka: usijibu "ndiyo" au "hapana" tupu. Eleza kwanza maana ya modeli, kisha toa hoja za pande zote mbili.

Zoezi
1. Prosesa ina saa ya msingi ya megahezi 100 na kizidishi 40. Kizidishi kikipandishwa hadi 45, kasi itaongezeka kwa asilimia ngapi?
2. Katika swali la 1, volti zimepanda kutoka 1.2 hadi 1.3. Umeme umeongezeka mara ngapi?
3. "Aliyeongeza kasi ya prosesa ameunda modeli mpya." Jadili kwa hoja nne.

Majibu
1. Kutoka megahezi 4,000 hadi 4,500, sawa na asilimia 12.5.
2. 1.125 × (1.3 ÷ 1.2)² = mara 1.32 hivi.
3. Hoja mbili za kuunga mkono: muundo mmoja, kasi inayopimika. Hoja mbili za kupinga: ahadi ya mtengenezaji, tofauti za ndani kama kache. Malizia kwa msimamo wako.